Kona ya Maswali: Tamthilia Ikichuja, Ilianzia Wapi?

Barua za safari hii zimejaa ugomvi wa aina moja: tamthilia fulani imechuja, haijachuja, ilichuja lini, nani kaiua. Tumechagua saba. Tahadhari kwa ambao hawajamaliza kutazama: humu tunataja nani anakufa na lini, maana bila hivyo hakuna jibu.

Hürrem alipobadilika sura

SWALI: Wahariri, salaam. Saluni kwetu tumegawanyika makundi matatu. Mimi nasema Sultan iliharibika siku Hürrem alipobadilishwa. Mwenzangu anasema ilikuwa imeshaharibika kabla ya hapo. Wa tatu anasema tamthilia haina tatizo, ni sisi tuliochoka. Tuamulieni. – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Dada, mwenzako ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa naye hakutaja sababu. Tuanze na kalenda. Sultan, ambayo kwao Uturuki inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilianza kurushwa Januari 2011 na kumalizika Juni 2014. Ni misimu minne, sehemu 139. Meryem Uzerli, aliyekuwa wa kwanza kumcheza Hürrem, yule mtumwa anayekuja kuwa mke wa Sultani, aliondoka mwaka 2013 msimu wa 3 ukielekea ukingoni, na msimu wa 4 ukafunguliwa na Vahide Perçin. Hiyo ndiyo tarehe unayoishikilia wewe. Ipo nyingine ambayo haikuonekana kwenye kioo: Aprili 2012 mwandishi mkuu, Meral Okay, alifariki dunia, msimu wa 2 ukiwa bado hewani. Kalamu ikachukuliwa na Yılmaz Şahin. Kwa hiyo msimu wote wa 3, ambao Hürrem wake ni yuleyule mnayemlilia hapo saluni, umeandikwa na mkono mwingine.

Sasa ingieni ndani ya hadithi yenyewe. Utamu wa misimu miwili ya mwanzo ulitokana na watu waliomzibia Hürrem njia. Valide, mama wa Sultani, alikuwepo, Mahidevran, mke mwenza, alikuwepo, Ibrahim Pasha, waziri mkuu, alikuwepo. Kila akipiga hatua, kuna wa kuikata. Akishinda asubuhi, jioni analipa. Nebahat Çehre, aliyecheza Valide, anatoka msimu wa 2 unapoisha. Ibrahim anauawa ndani ya msimu wa 3. Waandishi hawakuwa na ujanja, kwa sababu ni historia: Valide Hafsa alifariki 1534 na Ibrahim aliuawa 1536. Kosa ni kwamba nafasi zao hazikupata warithi wa kimo kile. Wapinzani waliofuata wanakuja, wanapanga njama mbili tatu, wanaondolewa. Bingwa wa uzito wa juu akipangiwa mtu wa uzito wa unyoya, hata ulingo ukiwa wa dhahabu watu wataangalia saa.

Perçin alikabidhiwa mzigo huo ukiwa umeshaanza kumwagika. Akapewa Hürrem mtu mzima, baada ya hadithi kuruka miaka, mwanamke ambaye hachekicheki wala hakimbii kwenye korido kama zamani. Ni sawa na mwanamke wa historia, aliyefariki 1558 akiwa mke wa Sultani na mama wa watoto wakubwa. Ukimpima kwa mizani ya yule binti mtumwa wa sehemu ya kwanza, unamwonea.

Na kama kweli tamthilia ilikufa siku ile, sehemu ya 123 mtaiweka wapi? Ni ya msimu wa 4, ya Februari 2014, ambamo Mustafa, mwana wa Sultani na Mahidevran, anavua silaha nje ya hema la baba yake na kuingia peke yake. Kila mtazamaji anajua kinachomngoja, na bado moyo unakataa. Uturuki watu walimiminika kuzuru kaburi la Mustafa wa kweli kule Bursa, karne nne na nusu baada ya kuuawa kwake mwaka 1553. Tamthilia mfu haifanyi hivyo. Kwa hesabu yetu, ilipoa kuanzia Ibrahim alipoondoka, ikapanda tena kadiri kamba ya Mustafa ilivyozidi kukazwa, kisha kati ya 124 na 139 ikalegea. Hoja ya yule wa tatu, kwamba mmechoka, ina chembe ya ukweli, lakini kuchoka kwa mtazamaji nako kuna chanzo.

Ili ugomvi uishe, acheni kubishana kwa kumbukumbu. Kumbukumbu huhifadhi sehemu tano bora za msimu wa kwanza na kuzilinganisha na sehemu arobaini nzima za msimu wa tatu. Chukueni sehemu tatu zinazofuatana kutoka katikati ya kila msimu. Msichukue ya kufungua wala ya kufunga, kwa sababu hizo hupewa fedha na muda zaidi popote duniani. Mmoja ashike kalamu. Kila onesho likiisha, yaani watu wakihama mahali au saa ikibadilika, ajibu swali moja: hapa kuna mtu aliyeamua jambo linalomlazimisha mwingine naye aamue? Kama ndiyo, alama ya tiki. Kama mjakazi amemsimulia bibi yake jambo ambalo sisi tumeliona kwa macho yetu dakika kumi zilizopita, mkasi. Kama watu wameangaliana tu muziki ukipanda, mkasi pia, isipokuwa kuangaliana huko kumefichua siri. Mikasi ikizidi theluthi moja katika sehemu zote tatu, msimu huo una maji mengi. Ikizidi katika moja tu, mmekutana na siku mbaya, na kila tamthilia inazo.

Mtu wa kalamu asiwe yule mwenye kelele kuliko wote. Atasahau kuandika.

Mbona inakatika katikati ya neno?

SWALI: Zamani kila sehemu ilikuwa inaisha pazuri, unabaki umeshika kifua. Siku hizi inakatika mtu akiwa hajamaliza kusema, hata kishindo cha muziki hakuna. Nani mzembe hapo? – Msomaji, Sinza

JIBU: Aliyeandika hana kosa. Tamthilia ya Kituruki ya jioni huandikwa kwa wiki, na sehemu moja kwao inaweza kufika dakika 100, 120 au zaidi. Vituo vya nje huikatakata iingie kwenye nafasi ya dakika 45 au saa moja pamoja na matangazo. Ukikadiria dakika 100 kwa kila moja, zile 139 za Sultan zinazaa vipande zaidi ya 300. Mwandishi aliweka ndoano yake mwisho wa dakika ya 100. Mhariri wa kipande cha dakika 45 anakuta ndoano moja ya kweli kwa kila vipande viwili au vitatu, vilivyobaki anakata panapoangukia. Fanya hivi: tazama marudio ya mwisho wa wiki, vipande vitatu mfululizo, na utaona pumzi ya hadithi inarudi.

Suala la sauti za Kiswahili ni jirani yake. Sentensi yetu inaweza kuwa ndefu kuliko ya Kituruki, na mtafsiri analazimika kuifinya ilingane na midomo. Kinachofinywa kwanza ni kejeli na mafumbo, kwa hiyo mhusika mjanja anasikika mkali tu. Na aliyeingiza sauti akibadilishwa katikati ya safari, watu wengi husema mwigizaji "kapoa" wakati sura na macho ni yaleyale. Kabla ya kumhukumu mwigizaji, tafuta onesho moja tu lenye sauti yake ya asili, hata kama huelewi neno. Utasikia kama kazi anaifanya au haifanyi.

Runinga mpya, tamthilia imekuwa ya bei rahisi

SWALI: Nimenunua runinga ya inchi 55. Tamthilia zilezile nilizokuwa nazipenda sasa zinaonekana kama zimerekodiwa kwa simu kwenye ukumbi wa harusi. Nyumbani wanasema misimu mipya imeshuka kiwango, lakini nimerudia msimu wa kwanza na wenyewe uko hivyohivyo. Nini hiki? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka, umejijibu nusu. Kama msimu wa kwanza nao umebadilika, tatizo liko ukutani kwako. Tamthilia na filamu nyingi hurekodiwa picha 24 au 25 kwa sekunde. Runinga yako inaonyesha picha 50, 60 au 120 kwa sekunde, na ili kujaza pengo inajibunia picha za katikati ambazo kamera haikupiga. Mwendo unakuwa laini kupita kiasi, ngozi inateleza, na macho yetu, yaliyozoea kuona ulaini huo kwenye taarifa ya habari na mpira, yanasema "hii ni video ya kawaida". Mapambo ya kasri yanaanza kuonekana plaiwudi, maana ni plaiwudi kweli.

Zima kitu hicho. Kwenye Samsung ingia sehemu ya picha, kisha mipangilio ya kitaalamu, tafuta Auto Motion Plus, ambayo kwenye mashine za karibuni inaitwa Picture Clarity. Kwenye LG kinaitwa TruMotion. Kwenye Sony ni Motionflow. Kwa nyinginezo tafuta chochote chenye neno Motion ndani ya mipangilio ya picha, ukiweke Off. Ukiona hali ya picha inayoitwa Filmmaker Mode, ichague tu, inazima yote kwa mkupuo. Hali ya Vivid au Dynamic iache dukani, iliwekwa ili runinga ishindane na taa za duka.

Mambo mawili yanawaponyoka wengi hapa. Kwanza, runinga nyingi huhifadhi mipangilio kwa kila tundu. Ukizima ukiwa kwenye king'amuzi, HDMI 1, ukichomeka flashi utakuta bado imewaka. Zima kote. Pili, kwa mechi ya Simba na Yanga unaweza kuiwasha, mpira unaonekana vizuri ukiruka kasi. Ndiyo maana mafundi huiacha imewashwa: wateja wengi huijaribu runinga kwa mpira.

Angalia pia upana wa picha. Tamthilia za kabla ya runinga bapa zilitengenezwa kwa kioo cha 4:3. Zikivutwa zijaze 16:9, kila mtu ananenepa. Zikikuzwa, zinakatwa juu na chini. Katuni ya Kimarekani The Simpsons iliwahi kukumbwa na hilo: ilipoingia kwenye huduma ya Disney+ Novemba 2019 sehemu za zamani zilikuwa zimekatwa zienee kioo kipana, na baadhi ya vichekesho vikapotea. Kimoja ni kile cha kiwanda cha bia, ambapo aina tatu za bia ya Duff zinatoka kwenye bomba moja. Ukikata juu, bomba halionekani na kichekesho hakipo. Mwaka 2020 wakarudisha umbo la asili. Aliyeitazama katikati hapo angeapa kuwa ile misimu ya mwanzo haikuwa ya kuchekesha kama wazee wanavyodai.

Na flashi. Sehemu ya dakika 45 iliyobanwa hadi MB 150 inakuwezesha kujaza karibu 200 kwenye flashi ya GB 32, na ndivyo wauzaji wanavyopenda. Ya MB 700 zinaingia arobaini na kitu. Kinachotupwa kwanza picha inapobanwa ni tofauti ndogo ndogo za giza: ukutani gizani utaona vigae vyeusi vinacheza. Game of Thrones sehemu ya 3 ya msimu wa 8, ya Aprili 2019, ni vita ya usiku ya dakika 82. Hata waliolipia waliilalamikia giza lake. Aliyeiona kwenye nakala ya MB 200, mchana, mlango wazi, jua la Dar likipiga kioo, hana haki ya kusema waliiharibu vita. Hakuiona. Kuhusu sehemu mbili za mwisho, hapo ana haki zote: msimu ulikuwa na sehemu sita tu, na mabadiliko ya mtu kama malkia Daenerys yalihitaji angalau nne za ziada ili yaaminike.

Niliachia The Walking Dead msimu wa 7, nirudi?

SWALI: Niliacha baada ya Glenn kuuawa. Jamaa zangu wa kijiweni wanasema msimu wa 9 ulirudi vizuri, wengine wanasema bila Rick hakuna kitu. Zimebaki nyingi mno, sitaki kupoteza bando. – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Tamthilia hii ya Kimarekani ya maiti wanaotembea ni moja ya chache ambazo kushuka kwake kunaweza kuonyeshwa kwa kidole. Hesabu kwanza: ilianza Oktoba 2010 na kuisha Novemba 2022, misimu 11, sehemu 177. Msimu wa 1 ulikuwa na sehemu 6. Wa 2 ukawa 13. Kuanzia wa 3 hadi wa 9 ni 16 kila mmoja, zinazorushwa nane nane. Wa 10 ulifika 22 na wa 11 ukafika 24. Wakuu wa waandishi walikuwa wanne: Frank Darabont, aliyeondolewa mwaka 2011 wakati msimu wa 2 unatengenezwa, Glen Mazzara hadi msimu wa 3, Scott Gimple kutoka wa 4 hadi wa 8, na Angela Kang kutoka wa 9 hadi mwisho.

Mlichokiona kikivunjika kilivunjika mara tatu. Mwisho wa msimu wa 6 Negan, adui mkubwa, anainua rungu, anapiga, na hatuonyeshwi aliyepigwa. Tukasubiri kuanzia Aprili hadi Oktoba 2016. Fumbo la namna hiyo haliko ndani ya hadithi, maana wahusika wote pale chini wanajua nani kafa. Ni sisi tu tuliofichwa, na mtazamaji akigundua anachezewa yeye na siyo mhusika, imani inapungua. Kisha msimu wa 7 ukawagawa watu kwenye kambi tofauti, kila wiki kambi moja, hivyo stelingi unayemfuata unaweza kumkosa wiki tatu huku muda ndani ya hadithi umesogea siku mbili. Watazamaji wa Marekani waliofungua msimu huo walikuwa takriban milioni 17. Ulipofungwa walikuwa milioni 11 na ushee. Pigo la tatu ni msimu wa 8, walipomuua Carl, mtoto wa Rick. Kwenye vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, Carl anaishi hadi mwisho, na hadithi nzima inamwelekea yeye. Ukimtoa, inabidi mistari yake igawiwe kwa wengine, na inaonekana imegawiwa.

Kwa hiyo rudi, lakini kwa mpango. Tazama sehemu ya kwanza ya msimu wa 7 kama uliiacha njiani, kisha ya 16. Msimu wa 8 chukua ya 1, ya 8, ya 9 na ya 16. Hapo umetumia sehemu sita badala ya 32 na hujapoteza jambo kubwa. Msimu wa 9 tazama wote, 16, bila kuruka. Rick, stelingi mkuu, anaondoka katika sehemu ya 5, na ajabu ni kwamba msimu unazidi kupanda baada ya hapo, kwa sababu Kang aliwapa Wanong'onaji nafasi ambayo Negan aliitumia kwa hotuba. Maadui wanaovaa ngozi za maiti hawahitaji maneno. Sehemu ya 15 ya msimu huo, ya vichwa vilivyochomekwa kwenye miti, iko sawa na chochote cha miaka ya mwanzo. Msimu wa 10 tazama 16 za kwanza. Sita za mwisho ziliongezwa kipindi cha korona, waigizaji wawili watatu ndani ya chumba, na zinaweza kusubiri. Wa 11 ni mrefu kuliko hadithi yake.

Anayesema bila Rick hakuna kitu muulize aliishia wapi. Mara nyingi utakuta aliacha palepale ulipoachia wewe.

Prison Break msimu wa 3

SWALI: Kwa nini msimu wa 3 ni mfupi na umeharakishwa? Muuza muvi anasema sehemu nyingine zilipotea. – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Hakuna kilichopotea. Waandishi wa Marekani waligoma kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi 12 Februari 2008, na msimu ukaishia sehemu ya 13 badala ya 22 kama miwili iliyotangulia. Heroes iliumia vilevile, msimu wake wa 2 ukakatwa kwenye sehemu ya 11, na tamthilia iitwayo 24 ikaahirisha msimu wa 7 kwa mwaka mzima. Ila kuchuja kwa Prison Break msiusingizie mgomo peke yake. Hadithi iliahidi jambo moja, kutoroka jela ya Fox River, na jambo hilo likatimia kwenye sehemu ya 21 ya msimu wa kwanza. Kilichofuata ni kukimbia, kisha jela nyingine, kisha kumfufua Sara, mpenzi wa stelingi, ambaye kichwa chake kilishaonyeshwa ndani ya boksi. Ukishamrudisha maiti mmoja, hakuna kifo kitakachomtisha tena mtazamaji.

Isidingo na mizani ya tamthilia za kila siku

SWALI: Mimi ni mtu mzima, niliifuata Isidingo tangu enzi za mgodi. Ikaja kuwa mambo ya kituo cha televisheni na suti. Vijana wangu wanasema ndipo ilipokuwa tamu. Je, haikushuka? – Msomaji, Ubungo

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Isidingo ilianza Julai 1998 Afrika Kusini na ikafungwa Machi 2020, zaidi ya miaka 21. Mwanzo ilikuwa hadithi ya Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu, watu weusi na weupe wakijifunza kuishi pamoja miaka minne tu baada ya uchaguzi wa 1994. Kisha uzito ukahamia ON!TV, na mbele kabisa wakasimama Barker Haines na Cherel. Wewe unazungumzia dhamira, vijana wanazungumzia njama. Katika njama vijana wako sawa: ukiwaondoa wale wawili, wabaya wengi wa tamthilia za kila siku wanakuwa watoto. Katika dhamira wewe uko sawa, maana mgodini mtu angeweza kufa kwa mwamba kuporomoka, na mwamba hauna njama. Uhai wa hadithi ulitoka kazini. Ilipohamia ofisini, kazi ikawa pazia la nyuma.

Ila mizani iwe ya haki. Siku tano kwa wiki ni sehemu 260 kwa mwaka. The Walking Dead ilitumia miaka 12 kutengeneza 177. Tamthilia ya kila siku inazifikisha hizo kabla wiki ya 36 haijaisha. Kwa kasi hiyo haiwezekani kila sehemu iwe na jambo jipya, na haikuundwa hivyo: imeundwa ili aliyekosa Jumanne aelewe Jumatano. Marudio ya maneno ambayo kwenye Sultan tungeyawekea mkasi, huku ni kazi halali. Kinachopaswa kukutia shaka ni vingine: mtu kusahau jambo alilolijua mwaka jana, mtoto kupelekwa shule ya bweni na kurudi baada ya miezi sita akiwa na ndevu, pacha asiyejulikana kutokea, harusi ya nne ya watu walewale wawili. Vikitokea vitatu ndani ya robo mwaka, chumba cha waandishi kimeishiwa.

Generations, nayo ya Afrika Kusini, ni somo jingine. Agosti 2014 waigizaji 16 walifukuzwa baada ya mgomo wa malipo, tamthilia ikasimama, ikarudi tarehe 1 Desemba mwaka huohuo kwa jina la Generations: The Legacy ikiwa na sura mpya nyingi. Watu waliilaani wiki za mwanzo na bado ikaendelea kwa miaka. Na kule Uingereza Coronation Street iko hewani tangu Desemba 1960. Kinachobaki kwenye tamthilia za aina hii ni mtaa. Watu hupita.

Wameniambia niongeze sehemu 52

SWALI: Tunaandika tamthilia, tuko watatu. Tulipanga sehemu 52 za dakika 26, sasa mtayarishaji anataka 52 nyingine kwa sababu imependwa. Tunaogopa kuchuja. Tutajuaje kama hadithi inabeba? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Chukueni daftari la mistari, si kompyuta, na mchore safu nne: siri, anayeijua, asiyeijua, sehemu itakapofichuka. Andikeni siri zote zilizo hai baada ya sehemu ya 52. Kwa dakika 26, ambazo ni kama kurasa 26 za muswada na maonesho 12 hadi 15, siri kubwa moja inalisha sehemu sita hadi nane kabla haijaanza kunuka. Sehemu 52 zinataka siri kubwa saba au nane. Mkizihesabu mkakuta tatu, msikubali 52, ombeni 20 na muda.

Siri isiyoumiza mtu ifutwe. "Juma si mtoto wa Mzee" ni siri pale tu ambapo kuna shamba la kurithi au mchumba aliye dada yake. Bila hivyo ni habari.

Adui anayeondoka awe amekutana na atakayemrithi angalau sehemu nane kabla. Mrithi aingie mdogo, akiwa na shida inayoeleweka, kama vile kudaiwa kodi ya miezi sita. Akiingia tayari ana bastola na gari jeusi, watazamaji watajua ameletwa tu.

Wekeni mtu mmoja wa daftari la mwendelezo: umri, makovu, nani anamwita nani shangazi, gari liliuzwa sehemu ya ngapi. Mkiwa watatu kila mmoja anaamini mwenzake anakumbuka, na hapo ndipo mke wa marehemu anapompigia simu marehemu.

Halafu mpigieni hesabu mtayarishaji, kwa sababu fedha huandika nusu ya hadithi. Akisema 52 mpya kwa bajeti ileile, kitakachokatwa ni mahali. Soko litakuwa sebule, hospitali itakuwa sebule yenye shuka jeupe. Mkikubali, andikeni mapema hadithi inayoishi sebuleni, msisubiri kukatiwa. Na kama ratiba inaangukia masika, Machi hadi Mei, maonesho ya nje yasizidi manne kwa sehemu, na kila moja liwe na toleo lake la barazani. Mvua ya Dar ikianza saa nne asubuhi mkiwa mmekodi kamera na jenereta kwa siku, mtaandika upya onesho mkiwa mmesimama chini ya turubai, na onesho lililoandikwa chini ya turubai linajulikana.

Mwisho wa hadithi uandikeni sasa, ukurasa mmoja, uwekwe kabatini. Mtayarishaji akija kuomba 52 za tatu, mtoleeni.